Milioni Kumi na Nne ni Bei ya Kuanzia

Jumatatu, 3 Machi
Makubwa! Eliasi, mwanangu wa kuzaa, kasimama katikati ya karakana ya marehemu baba yake hapa Manyamanyama, akasema mwezi huu tusipopata kazi ya maana anauza mashine ya randa. Randa! Iliyomsomesha! Nimemwambia akauze miguu yake kwanza.

Kazi ipo. Dorotea wa Musoma anafungua duka la dawa. Anataka kaunta, rafu za ukutani na dari ya jipsamu. Tumpelekee kotesheni, yaani karatasi ya bei, ndani ya bahasha. Mshindani wangu ni Burito wa Butiama. Fundi wa juzi juzi tu, anavaaga kofia ya plastiki hata kanisani.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda Musoma kupima. Dorotea kanipa soda, kaniita mama. Nikajua huyu tutaelewana.

Eliasi kapiga hesabu: mbao, jipsamu, vibarua, faida yetu. Milioni saba. Kasema niandike hiyo hiyo. Hiyo hiyo! Nimeshtuka hadi miwani ikadondoka. Dada yake, Ursula, mahari tulimtajia ng'ombe thelathini. Wakwe wakalia, tukashuka, wakalia tena, akaenda kwa kumi na nne, watu wakala wakacheka. Nani alianzia kumi na nne? Bei ya kwanza ni ya kusalimiana! Nimeandika milioni kumi na nne kwa mkono wangu. Mhuri nimegonga mara mbili.

Jumatano, 5 Machi
Kwenye kuteremka bei anatakiwa msemaji. Nimemwita shemeji Silasi kutoka Nyamuswa. Anasimamiaga mahari za watu miaka arobaini. Aliwahi kupunguza ng'ombe sita kwa kukohoa tu! Nimempa jogoo. Akataka na shati. Nimempa la marehemu, linambana.

Tumepanga: yeye ateremke kwa uchungu, laki tano tano, mimi nijifute machozi. Tukifika saba tunakubali, shingo upande.

Ijumaa, 7 Machi
Tumetoka Musoma. Dorotea kafungua bahasha mbele yetu, Burito naye yupo. Ya Burito: milioni saba na laki mbili. Yangu: kumi na nne. Nikamkanyaga Silasi mguu, aanze. Akakohoa vizuri kabisa. Dorotea akamwuliza kama anataka maji.

Halafu akasema asanteni kwa kuja, kazi ni ya Burito. Akafunga faili. Basi! Hakulia, hakuruka, hakuniuliza nimekula nini hadi nikafikia bei hiyo. Nikamwambia Dorotea, mwanangu, mbona bado hatujaanza kuongea. Ati mama, bei si umeandika mwenyewe? Jamani! Silasi akasimama, akaanza kusalimia kwa niaba ya ukoo, babu mmoja mmoja. Alipofika kwa babu wa pili chumba kilikuwa kitupu. Burito alituaga kwa kuvua kofia. Dharau iliyoje!

Njia nzima hadi nyumbani Eliasi alihesabu kwa sauti nauli tuliyopoteza. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 10 Machi
Eliasi kaleta mnunuzi wa randa. Nani? Burito! Ati kazi ya Musoma imemzidi, mashine yake ndogo. Nilitaka kuzimia, nikakumbuka sijala.

Walishanong'onezana milioni mbili. Nimewakatiza. Mjane ni mimi, karakana ni yangu, mwenye kutaja bei ni mimi. Nimemwekea Burito kiti, nimemkaribisha uji. Nikataja milioni tisa. Nikajikaza, nikasubiri alie.

Akaitazama mashine. Akanitazama mimi. Akavaa kofia, akawasha pikipiki. Hakusema hata nne! Nimemwita hadi barabarani kwamba tisa ni salamu tu, arudi tuongee kama watu. Wapi! Vijana wa siku hizi hawakufundwa kununua.

Eliasi kakaa chini, kashika kichwa. Sasa analia nini? Randa si imebaki? Nilisema haiuzwi, haikuuzwa. Bei yangu ndiyo iliyomfukuza yule mwenye kofia, si hesabu za Eliasi.

Jioni kapiga simu mwenye saluni ya Nyamuswa, anataka makabati na vioo. Eliasi kasema milioni tatu, kaniomba kwa jina la Mungu na la baba yake niandike tatu. Nimeandika sita. Na nusu.

Silasi nimeshamwambia: safari hii asimame mlangoni, mtu asitoke kabla hajamaliza ukoo.