Maombi ya Kurudishiwa Pikipiki Chakavu

Kwa Mwenyekiti,
Ushirika wa Wakulima wa Korosho Tuinuane,
Nachingwea.

YAH: KURUDISHIWA PIKIPIKI YA ZAMANI

Ndugu Mwenyekiti Isihaka,

Nakuandikia nikiwa na afya njema na masikitiko. Kama unavyojua, wiki tatu zilizopita chama kilinipa mimi, bwana shamba wenu, pikipiki mpya ya CC 200. Ile nyekundu ya mwaka 1988 ikafungiwa stoo, ikisubiri kupelekwa tawi la Ruangwa Jumatatu ijayo. Nilishukuru mbele ya kikao na nikapigiwa makofi. Sasa naomba, kwa heshima zote, nirudishiwe ile ya zamani. Sababu zangu ni za kikazi tupu, nazo ni hizi:

1. Pikipiki mpya haina sauti. Ya zamani ilisikika tangu bonde la pili, na wakulima wakiisikia waliacha majembe, wakachuma majani ya mikorosho yenye ugonjwa wa ubwiri unga na kunisubiri. Nikifika, mkutano uko tayari. Siku hizi natokea kama mwizi. Huko Kilimarondo nimemkuta Mzee Nuhu, katibu wa kamati ya kuzuia ulevi saa za kazi, akiwa na kibuyu cha pombe saa nne asubuhi. Aliaibika yeye, nikaaibika mimi, na habari ya salfa ya kupulizia mikorosho hatukuizungumza tena.

2. Tembo hawaiheshimu. Ya zamani ilikohoa mara moja tu wakatoka mashambani. Juzi nilimpigia mmoja honi ya hii mpya, ambayo ni ya kistaarabu mno, akanitazama na kuendelea kula muhogo wa watu.

3. Inawaka. Zamani nilipiga kiki mara kumi na tano kila asubuhi, na hayo ndiyo yalikuwa mazoezi yangu. Sasa nabonyeza kitufe kwa kidole gumba. Suruali mbili zimeshanibana.

4. Haiharibiki. Jonasi fundi anaijua ile ya zamani hata akifumba macho, na aliwahi kuiziba kabureta kwa kipande cha ndala tukafika nayo Ruangwa. Hii nilimpelekea aione tu. Aliizunguka, akaifuta vumbi, akanirudishia ufunguo kwa upole.

5. Inafika. Nachingwea mpaka Malolo na kurudi ilikuwa safari ya siku mbili, mtu anaaga nyumbani. Sasa narudi kabla ya chakula cha mchana, na kwa kuwa narudi, mnanituma tena.

6. Hapa ndipo penye uzito. Ya zamani ilichemka kila ilipopanda mlima wa Lionja, na kila ilipochemka ilizimika mbele ya nyumba ya Bi Letisia, mjane anayeshona nguo barazani kwake. Miaka minne, kila Jumatano, nimekaa kwenye benchi lake nikisubiri injini ipoe. Nimepima: injini ile hupoa kwa muda uleule ambao mbaazi huiva. Kwa hiyo tulikula. Hayakuwa matembezi, Ndugu Mwenyekiti, yalikuwa matengenezo.

Hii mpya inaupanda mlima ule kama inakatiza uwanja wa mpira. Jumatano tatu nimepita pale kwa gia ya tatu, kwa sababu mtu mzima, tena mtumishi wa chama, hawezi kusimama kwa mjane bila sababu. Watu watasema nini? Mara ya tatu alikuwa mlangoni ameshika mwiko. Alinipungia. Nikapiga honi, nikapita. Iliniuma mpaka Nachingwea mjini.

Kwa hayo, naomba pikipiki mpya apewe Geofrey wa tawi la Ruangwa. Yeye ana mke tayari, hana haja ya kusimama popote. Ikishindikana, naomba chama kimwagize fundi aiharibu kidogo hii mpya, iwe inazimika Jumatano tu, na pale Lionja tu.

Wasalimie wajumbe wote wa kamati, Mwamina wa stoo, na mama watoto wako Edina. Waambie mimi mzima, ila nawahi kila mahali kuliko ninavyotaka.

Ni mimi mtumishi wenu,
Linus, Bwana Shamba

Nyongeza: Barua hii imekaa mfukoni tangu juzi. Leo Jumatano nilikuwa nakuletea kwa kupitia Lionja, na sijui mkono wangu ulifanya nini, nikazima pikipiki mbele ya nyumba ya Bi Letisia. Alitoka, akauliza leo kimeharibika nini. Nikasema hakuna kilichoharibika. Akachomeka sindano kwenye kitambaa, akasema, "Basi leo ndiyo umekuja."

Nyongeza hii naiandikia juu ya cherehani yake. Ile ya zamani ipelekwe Ruangwa hata kesho. Mpya isiguswe na mtu yeyote kabla ya Jumamosi, maana mjomba wake, ambaye ndiye wa kuulizwa, anakaa Malolo, nami nitampakia kaka yangu Protasi awe mshenga. Nataka tufike mapema. Nimeshachelewa miaka minne.