Muda wa Nyongeza wa Mheshimiwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameshindwa kufika lakini amemtuma mwakilishi wake. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye yuko njiani. Waheshimiwa wenyeviti wa kamati, wenyeviti wa kamati ndogo, na wenyeviti wenza wa kamati ndogo zinazosubiri kuundwa. Ndugu wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi na wanaowakaimu. Mwalimu mkuu wa shule hii. Wazazi, walezi, wanahabari, na nyinyi mlioketi kule nyuma ambako hema halifiki. Na kwa namna ya pekee kabisa, wanafunzi wetu wenye ulemavu, walengwa wetu, mliopangwa hapa mbele ili kamera iwapate vizuri: hamjambo! Hamjambo tena! (Hatujambo.) Itifaki nimeizingatia, na kama kuna mkubwa nimemruka, anisamehe, cheo chake kiko moyoni mwangu.

Nimesimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao, bila kujisifu, ni wakurugenzi wakuu wachache sana wanao, kuzindua rasmi Mpango Kabambe Jumuishi wa Uwezeshaji Endelevu wa Kumbukumbu kwa Watahiniwa Wenye Mahitaji Maalumu, Awamu ya Kwanza. (Makofi. Yanaanzia kwa msaidizi wake, ambaye ofisini wanamwita Ndiyo-Mzee.) Asanteni. Msichoke, yako mengi ya kupigia makofi.

Dhana nzima ya mpango huu ni nyepesi, ingawa ilitulazimu kukaa semina elekezi nyingi kwenye hoteli tulivu ili tuielewe. Ni hivi: kuna mtoto ana akili zake timamu, somo analielewa, lakini kwa sababu ya ugonjwa au ajali kumbukumbu yake inavuja. Mtoto huyo ukimruhusu aingie na kadi ndogo ya vidokezo, vipicha viwili vitatu vya kumkumbusha njia, siyo jibu, njia tu, anaufanya mtihani kama wenzake. Hiyo, kitaalamu, inaitwa akomodesheni. Wapo wanaosema ni huruma. Hapana! Ni haki, tena haki iliyofanyiwa upembuzi yakinifu, ikatengenezewa frimuweki, ikapelekwa kwa wadau, ikarudi kutoka kwa wadau, ikapelekwa tena kwa wadau wale wale kwa sababu mara ya kwanza walikuwa wanakula.

Na msije mkadhani naongea nadharia. Simama, binti. Usiogope, simama. Huyu hapa ni mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo, akapona, Mungu ni mwema, lakini kanuni za hesabu zikimwingia jioni, asubuhi zimeshahama. Basi mwenyewe, kwa kuwa amekulia chini ya meza ya mama yake ya kukatia vitambaa, akajichorea kadi kwenye kipande cha boksi la mashati. Itazameni! Mkasi maana yake gawanya. Kifungo ni sifuri. Sketi hii ya mwamvuli, ile inayokatwa duara, inamkumbusha eneo la duara. Hapa kuna suruali, sasa suruali kwenye Hisabati sijui inatafuta nini. (Binti anasema kitu kwa sauti ndogo.) Anasema ni yale maswali yenye majibu mawili, moja kila mguu. (Kicheko, makofi.) Huo ndio ubunifu! Wanahabari, pigeni picha. Niishike hivi? Au niinyanyue kidogo, nembo ya Idara hapa kifuani ionekane?

Kadi hii, ndugu zangu, asubuhi ya leo ilizuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani na msimamizi, akasema ni karatasi ya wizi. Nampongeza sana msimamizi, simama kidogo tukuone, yule pale mlangoni. Maana mwongozo wetu uko wazi: kadi isiyo na sahihi ya Idara ni wizi, kadi yenye sahihi ya Idara ni akomodesheni. Tofauti kati ya mwizi na mlengwa ni sahihi yangu mimi. (Sauti ya mwanamke: "Basi si uitie, baba! Peni hiyo hapo mfukoni!") Nani huyo? Aa, mama fundi mwenyewe! Karibu sana, mama. Sahihi itakuja. Haraka haraka haina baraka. ("Wenzake wanaandika saa hizi!")

Naam, wanaandika. Hapo ng'ambo, kwenye madirisha yale ya kijani, mtihani wa Hisabati unaendelea kama ninavyoongea. Na yupo mtu wa kijicho atakayeuliza, mbona walengwa wako hapa nje badala ya kuwa kule ndani? Nilielekeza mimi watolewe. Kiitifaki haiwezekani kuzindua mpango wa walengwa bila walengwa, mngesema Mkurugenzi Mkuu anazindua viti. Lakini msihofu, sisi hatukurupuki. Idara yangu, kwa kujali kwake, imewapatia watoto hawa muda wa nyongeza! (Makofi.) Ila kwa busara za ratiba, badala ya kuuweka mwisho, ambapo wangechelewa kurudi nyumbani, tumeutanguliza mwanzoni. Kwa hiyo kengele yao ni ile ile ya wenzao, na muda wao wa nyongeza ndio huu tunaoufaidi sote pamoja. (Mwalimu mkuu anaangalia saa, anamnong'oneza Ndiyo-Mzee. Ndiyo-Mzee anajiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha.)

Sasa niingie kwenye mafanikio. Tumeunda kikosi kazi. Kikosi kazi kimesafiri ng'ambo kujionea jinsi watu wanavyosahau huko, na kimerudi na mabegi mazito ya uzoefu. Tumebuni mfumo wa kidijitali ambao mtahiniwa mwenye tatizo la kumbukumbu ataingia kwa urahisi kabisa, ilimradi akumbuke nywila yake, yenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama, na aibadilishe kila wiki. Kwa wasioona tumeandaa mwongozo wenye picha za rangi zinazovutia mno. Na utafiti wetu unaonyesha kuwa asilimia tisini na nane ya walengwa wameridhika. Hatukuwauliza, ni kweli, lakini tuliwakadiria, tena tuliwakadiria kwa upendo.

("Mheshimiwa, nimefunga kazi yangu, nimekuja kuomba sahihi moja tu. Mtoto huyu amerudia darasa kwa ajili ya mtihani huu. Akifeli leo basi tena, shule imeisha!") Mama, mama, punguza jazba. Mimi ni mzazi kama wewe. Mtoto wako ni mtoto wangu. ("Basi mtoto wako anafeli, baba!") (Kicheko kirefu. Mheshimiwa anakunywa maji, anasubiri, anakunywa tena.) Mnacheka. Chekeni tu. Uongozi ni jalala, kila mtu anatupa lake. Lakini nataka niseme jambo hapa, na wanahabari mliandike kwa herufi kubwa, kwamba tangu nishike wadhifa huu sijawahi, narudia sijawahi, kumwacha mtoto yeyote wa nchi hii...

(Upepo unapita chini ya hema na kuchukua ukurasa wa hotuba. Mheshimiwa anapekua karatasi zilizobaki.)

...yeyote wa nchi hii. Kama nilivyosema. Kama nilivyokuwa nikisema kuhusu huu mpango wetu, huu, unaoitwa, Mpango Kabambe. Mpango Kabambe wa. Jumuishi. Mpango Jumuishi Kabambe wa Uendelezaji, hapana, Uwezeshaji Endelevu, Endelevu wa... Ndiyo-Mzee! Ukurasa! Umesimama tu unanitazama kama nimeota pembe! Jamani, siyo kwamba nimesahau. Mkurugenzi Mkuu hasahau, Mkurugenzi Mkuu anarejea nyaraka. Mtu mwenye majukumu kama yangu hawezi kusimamishwa mbele za watu mikono mitupu akaambiwa haya, sema. Huo ni uonevu!

("Mpeni karatasi yake, jamani! Mwenzenu siyo mwizi!")

(Watu wanaangua kicheko. Kule nyuma wanapiga viti. Msimamizi wa mtihani, pale mlangoni, anajiziba mdomo kwa kiganja.) Nyamazeni! Nasema nyamazeni! Hayafanani hata kidogo! Mimi naihitaji kwa sababu ya wadhifa. Yule anaihitaji kwa sababu, yule anaihitaji... Hayo tutayajadili kwenye kikao. (Binti anainama, anaokota ukurasa uliotua karibu na kiatu chake, anampelekea kwa mikono miwili. "Shika, mheshimiwa. Uliishia kwenye Endelevu.") Asante, binti. Mnaona sasa? Mlengwa amenufaika mpaka ananufaisha wengine. Ndiyo-Mzee, hilo liingie kwenye ripoti.

("Sahihi, baba! Muda unakwisha!") Nakuja huko, mama. Kuna utaratibu. Kwanza kaulimbiu, bila kaulimbiu mpango unakuwa yatima. Haya wote tusimame, walioketi na wasioweza kusimama wasimame kwa moyo. Nikisema Kumbukumbu, semeni Haki! Kumbukumbu! (Haki!) Sijasikia, walengwa mbona mmepoa? Kumbukumbu! (Haki.) Nikisema Hakuna Mtahiniwa, semeni Atakayeachwa! Hakuna mtahiniwa!

(Kengele ya shule inalia.)

Hata kengele imeniitikia! (Hakuna anayepiga makofi isipokuwa Ndiyo-Mzee, naye anaacha njiani.)

Basi nihitimishe kwa shukrani, maana asiyeshukuru kidogo hata kikubwa hashukuru. Nawashukuru kwa dhati wafadhili wa mpango huu, ambao tutaanza kuwatafuta baada ya leo. Naishukuru kamati ya utekelezaji, itakayoteuliwa. Namshukuru mchapaji wa kadi zetu, ambaye hatujampata, na hata tungempata hana cha kuchapa, kwa sababu mpango wenyewe tutauandika tukishaona picha za leo zimetokaje. Kile kikosi kazi kilikwenda kwa shughuli nyingine, lakini nakishukuru. Nalishukuru duka la viatu la hapo kona kwa kutuazima sanduku hili la kadi lenye utepe, mnaloliona hapa mezani, na mwenye duka amenikumbusha lirudi leo leo, likiwa tupu kama lilivyokuja. ("Debe tupu!" Anasema mzee mmoja kule nyuma, na hamalizii.) Na kipekee nawashukuru watoto hawa kwa kutupa muda wao wa nyongeza. Tumeutumia wote. Haukubaki hata kidogo.

Na wewe mama fundi, usije ukarudi mtaani ukasema wakubwa hawasikii. Lete kadi. Peni. Ndiyo-Mzee, inama nipate mgongo wa kuandikia. (Anatia sahihi kubwa yenye mikia, inayopita juu ya mkasi na kifungo, inaikata sketi katikati na kumalizikia kwenye mguu wa pili wa suruali.) Haya! Kuanzia sasa kadi hii ni halali, siyo wizi tena, na asiwepo wa kumzuia mtoto huyu mlangoni. Ahadi ni deni, na mimi nimelilipa. Kimbia, mwanangu, kimbia ukafanye mtihani wako!

(Binti ameishika kadi, hasogei. Ng'ambo milango imefunguliwa, wenzake wanamiminika nje na rula zao mikononi, wakibishana juu ya swali la duara.)

Mbona haendi? Mama, mbona mwanao haendi?