Ombi la Kufutwa kwa Tiki Katika Daftari la Mke Wangu

Mheshimiwa Mwalimu wa Kiingereza, Darasa la Jioni,

Salamu nyingi, na shikamoo kama umenizidi umri. Mimi ni mtunza ghala, mume wa yule mwanafunzi wako wa dawati la mbele asiyekosa kipindi. Nakuandikia kwa heshima zote, ila moyo umenijaa.

Najua mnasoma misemo ya Kiingereza na vitenzi vinavyotakiwa kuifuata. Sina ugomvi na vitenzi. Ugomvi wangu ni tiki zako nyekundu. Ghalani kwetu, ukitia tiki maana yake mzigo umeufungua, umeuona kwa macho yako, na umekubali kwamba ndivyo ulivyo. Wewe unatia tiki juu yangu na kwangu hujawahi kufika.

1. Sentensi ya kwanza, kwa tafsiri ya mke wangu mwenyewe: "Ni heri mume wangu aache kuimba bafuni." Tiki. Umenisikia lini?

2. "Wakati umefika mume wangu atengeneze kitasa cha mlango wa jikoni." Tiki, na pembeni ukaandika "safi sana". Tangu siku hiyo wanangu wananiita Safi Sana. Kitasa kweli kimelegea, lakini hayo ni mambo ya ndani.

3. "Afadhali niishi na mama yangu kuliko kusikiliza hadithi za ghalani." Hapa ndipo ulipotuharibia. Mama mkwe alifungua daftari, akaona tiki, akasema mwalimu ameshapitisha, nani abishe? Kaja na masanduku mawili. Sasa nakohoa kwa adabu nyumbani kwangu.

4. Juzi nilijaribu kujitetea. Mke wangu akasema nikiwa na neno niliandike, wewe utasahihisha.

Kwa hiyo naomba ufute tiki zote, au uje ukague nyumba sentensi kwa sentensi, ukianzia bafuni. Yote mawili yakikushinda, mwondoe darasani turudi kugombana kwa mdomo. Nilikuwa nashindwa kila mara, lakini alau alikuwa ananitazama.

Wasalimie walimu wenzako, mlinzi wa getini, na wanafunzi wote wanaonijua bila kuniona.

Wako katika masikitiko,
Mtunza Ghala

Nyongeza: Nikinakili sentensi hizi nimefika ukurasa wa mwisho. Ameandika: "Laiti ningeolewa naye mapema zaidi." Umemwekea kosa, eti kitenzi sicho. Mwalimu, kitenzi sikijui, lakini mzigo huu nimeupokea mwenyewe. Weka tiki hapo. Zile nyingine ziache zilivyo, na darasani asitoke.