Watawa wa Jino Takatifu

Jumatatu, 8 Aprili
Nimekubaliwa kusomea shahada ya uzamivu mara mbili, chuo kilekile! Idara ya Historia kwa Profesa Ormerod: Kilatini miaka miwili, mtihani, ndipo uruhusiwe kuwaza. Kituo cha Zama za Kati kwa Dakta Fairlamb: historia unachanganya na mifupa, muziki, dawa, chochote. Jibu kabla ya Jumatatu ijayo, saa sita mchana. Nataka kukwepa Kilatini bila kuonekana nakikimbia.

Jumatano, 10 Aprili
Mungu hamtupi mja wake! Nimekuta daftari la watawa kwenye maktaba ya kanisa kuu. Abate, mkuu wao, amekufa, na pembeni mwandishi kaandika: dns dedit, dns abstulit. Dns nimeisoma dens, na kamusi inasema ni jino. Jino limetoa, jino limetwaa. Watawa waliabudu jino! Dini, historia na tiba ya meno, mstari mmoja. Prudence Hathersage, mpinzani wangu wa meza ya pili, akachungulia. Eti nimekiona kile kistari juu ya neno? Wivu tu. Nikamwambia ni vumbi.

Alhamisi, 11 Aprili
Nimempelekea Fairlamb kurasa tisa. Nimeomba daktari wa meno awe msimamizi wangu wa pili. Nakala kwa Ormerod, ajue anachokipoteza.

Ijumaa, 12 Aprili
Ormerod kaniita. Kanimiminia chai kwanza, dalili mbaya. Akasema, Alban mwanangu, kistari maana yake kuna herufi zimerukwa. Dns ni dominus, yaani Bwana. Akaniuliza kwani sijawahi kwenda mazishini. Bwana ametoa, Bwana ametwaa! Nilitamani ardhi inimeze. Hata hivyo nafasi yangu ipo, darasa la Kilatini la wanaoanza. Fairlamb naye kaandika: amecheka hadi machozi, nafasi ipo, niandike kuhusu makosa ya wasomaji, maana mifano ninayo. Prudence kaninunulia keki. Huruma yake imeniuma sana. Keki nimeila.

Jumatatu, 15 Aprili
Saa tano na nusu. Prudence kanishika mkono: we Alban, chagua moja bwana, acha ujanja, njia mbili zilimshinda fisi. Nimemshukuru. Nimetuma majibu yangu: ndiyo kwa Ormerod, ndiyo kwa Fairlamb. Hawa wawili hawasemezani miaka kumi na moja, tangu wagombee chumba chenye dirisha. Idara iko ng'ambo hii ya mto, Kituo ng'ambo ile. Nani atajua?
Na fisi mwenyewe hakuwa na baiskeli.