Malaika wa Sarafu Moja

Jumatatu, 7 Oktoba

Firenze! Nimefika peke yangu, begi moja, daftari moja. Jumamosi nitasimama mbele ya Chama cha Wapenda Sanaa cha kwetu Lodi na kuhutubia: "Mtu Mmoja, Miji Mitatu." Baada ya hotuba, uchaguzi. Mfamasia Ottorino Bellavite amekalia kiti cha uenyekiti miaka kumi na moja, na sifa yake ni moja tu: ana mashine ya kuonyeshea picha. Safari hii atakiachia. Nimemwambia hivyo mbele za watu, tena dukani kwake, nikisubiri dawa yangu ya presha.

Nikaenda moja kwa moja jumba kuu la picha. Hakuna foleni! Wenzangu husimama juani kwa saa tatu nzima, mimi sikukuta hata paka. Nilijipongeza sana. Mlinzi akaniuliza kama mimi ni mgeni nchini. Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi ni Mwitaliano, mpima ardhi mstaafu. Akasema ndiyo maana anashangaa, Mwitaliano gani asiyejua kuwa Jumatatu pamefungwa.

Nimeandika daftarini: "Kwa nje panavutia."

Jumanne, 8 Oktoba

Siena leo. Yaani, ilikuwa iwe Siena. Wafanyakazi wa treni wamegoma. Mwenye baa anasema mgomo ulitangazwa wiki mbili nzima, hata mbwa wake anajua. Nilinywa kahawa nimesimama kaunta kama watu wote, nikakaa kidogo tu kupumzisha magoti, akanitoza bei ya waliokaa, ambayo huku ni maradufu. Jambazi! Lakini ukutani kwake kuna kalenda ya Siena. Nikaichambua, Januari hadi Desemba. Siena nimeimaliza. Pisa sina haja nayo: mnara umeinama, nani hajui?

Jambazi huyohuyo akanidokeza habari nzuri. Ng'ambo ya mto kuna kanisa dogo lenye picha ya malaika akimpasha Mariamu habari, imechorwa kwenye ubao, ina miaka mia tano. Ottorino hajawahi hata kuisikia! Hii ndiyo itakayomng'oa.

Jumatano, 9 Oktoba

Kanisa giza totoro. Kando ya picha kuna kisanduku: unatia yuro moja, taa inawaka dakika moja, inazima. Sarafu ninayo. Sitoi. Nilipie kumwona malaika ndani ya nyumba ya Mungu? Ni suala la msimamo. Mpango wangu: nisubiri watalii walipe, nami nitazame kwa mwanga wao. Saa nzima hakuja mtu.

Nikang'oa kifungo cha koti, nikakitia. Kisanduku kikakimeza, kimya. Akatokea Nello, mtunza kanisa, na rundo la funguo. Akaniambia taratibu, "Mzee wangu, hiki kinakula sarafu. Vifungo hakili, wenzako washajaribu." Kisha akanionyesha saa: chakula cha mchana, kanisa linafungwa mpaka saa kumi. Nimetembea mji mzima koti wazi, upepo unaingia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimerudi. Benchi langu limekaliwa! Bi Ersilia, mwalimu mstaafu wa Piacenza, naye anasafiri peke yake. Nikamjua papo hapo: anasubiri mwanga wa bure. Watu wengine hawana haya kabisa. Nikamwambia kistaarabu kwamba wanawake hutangulia kutia sarafu. Akanijibu kwamba wazee hutangulia. Tukakaa gizani saa moja na robo. Ili ajue anakaa na nani, nikamsimulia habari za hotuba, nikamkaribisha Jumamosi, kwao si mbali.

Ndipo wakaingia Wajerumani wawili, mtu na mkewe. Sarafu! Taa! Nikaruka, nikawasogeza kidogo kwa kiwiko. Malaika! Mariamu! Rangi kana kwamba zimepakwa juzi! Miaka mia tano, na hakuna ufa hata mmoja! Machozi yalinitoka, sisemi uongo. Bi Ersilia naye kazi yake kusoma karatasi iliyobandikwa ukutani, ananivuta mkono, ati kuna jambo hapa. Nikamwambia mtu mwenye utamaduni hutazama picha, hasomi matangazo. Taa ikazima kabla hajamaliza. Nilimhurumia.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nyumbani. Nimeandika kurasa kumi na tisa. Ottorino alinikuta stesheni, akauliza kwa dhihaka nimeona nini cha maana. Nikamwambia aanze kukipangusa vumbi kiti changu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ukumbi ulijaa. Nilinguruma dakika arobaini. Nikasema hakuna mchoraji wa leo anayeziweza rangi zile. Nikasema niliona nyayo za brashi, moja moja. Nikasema nilisikia harufu ya ubao mkongwe. Dada yangu Amabile alilia. Ottorino alikunja uso. Kiti kilikuwa changu!

Maswali. Bi Ersilia akanyoosha mkono. Kumbe amekuja kweli. Akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba jana alirudi kanisani, akatia sarafu yake mwenyewe, akaimaliza ile karatasi. Picha ilipelekwa kwa mafundi tangu Machi ikarabatiwe. Iliyotundikwa pale ni nakala tu, turubai iliyochapwa kwa mashine.

Kisha Ottorino, kwa sauti yake ya kuuzia dawa ya kikohozi: "Na ile harufu ya ubao, Gaspare ndugu yangu, uliisikia upande gani?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Amabile. Nilitamani ardhi inimeze, mimi niliyeipima miaka thelathini. Ottorino amechaguliwa tena, kwa makofi. Bi Ersilia amealikwa kuhutubia mwezi ujao.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimetafakari misa nzima, na kosa nimeliona. Ni la wale Wajerumani. Wangetia sarafu mbili, ningeisoma karatasi.

Sikati tamaa. Kesho narudi Firenze, peke yangu. Amabile amenishonea kifungo kipya kwenye koti. Nimemwomba na viwili vya akiba, niweke mfukoni. Nitaanza na jumba kuu la picha, asubuhi na mapema. Jumatatu hakuna foleni.