Malalamiko Juu ya Shingo ya Mke Wangu

Shamba la Kahawa, Ruiru
Oktoba 1957

Kwa Bwana Daktari wa Mashamba, Thika

Bwana Mheshimiwa,

Nakuamkia kwa adabu zote. Mimi ni Gerishon Kagwe, mchukuzi wa magunia hapa shambani mpaka Jumatatu ulipokuja kutupima nguvu. Uliamuru kila mchukuzi abebe gunia la kahawa hadi stoo. Langu nililifikisha nusu ya njia. Mke wangu Waceke, ambaye hakuitwa na mtu, alikuwa ameniletea uji. Akaliona gunia limelala, akalibeba mpaka stoo, akarudi kuuliza kama kuna lingine. Sasa yeye ndiye mchukuzi, nami umeniweka kwenye meza ya kuchambua kahawa pamoja na wanawake. Nimeona aibu, Bwana, nami nasema wazi.

Malalamiko ni haya:

1. Waceke alitumia mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao akina mama hubebea kuni, ukipita juu ya kichwa. Huo ni udanganyifu. Mimi nilitumia bega kama mwanamume, bega likanisaliti.

2. Shingo ile ameijenga kwa kubeba kuni zangu na maji yangu tangu nimwoe. Basi nguvu zile ni zangu, naye amezitumia bila ruhusa.

3. Maandiko yasema mume ndiye kichwa cha mke. Hayasemi kichwa hicho kipimwe kwa gunia. Nilimwuliza mchungaji, akakohoa tu.

4. Baba mkwe wangu, kule Gatongora, amepata habari. Anasema mbuzi wa mahari niliowatoa walikuwa wa mwanamke wa kawaida, na sasa anataka nyongeza!

Kwa hiyo naomba Waceke apimwe tena bila mukwa, baada ya kuchota maji ili achoke kidogo. Akishinda, basi upimwe wewe Bwana Daktari, maana hata mkoba wako hubebwa na dereva.

Msalimie dereva huyo, karani wako, na wote wa nyumbani. Waceke naye anakusalimu, ingawa hana habari.

Ni mimi niliyeonewa,
Gerishon Kagwe

Baada ya sahihi: Tafadhali usifanye haraka. Mezani tunakaa kivulini, na Ngendo, mmoja wa wanawake hao, anatusimulia dada yake alivyotoroka na mwimbaji wa kanisa. Leo kengele ya kuacha kazi imelia kabla hadithi haijawafikisha Thika. Niache hapo mpaka mavuno yaishe. Ila ukija, nigombeze kwa sauti mbele ya wanaume, useme umenikatalia.