Sabina Sasa Anaona Mbali

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Punda wetu Sabina ameanguka tena na viazi. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, meupe kama maziwa. Baba ameapa kwamba Krismasi ikifika kabla hajaona, anauzwa. Sabina! Rafiki yangu wa pekee! Nina mpango. Daktari Chepkemboi wa mifugo anatafuta punda wa kufundishia wanafunzi wake upasuaji, bure. Nimempigia kwa sauti nzito, nikajifanya Baba. Akaniuliza niko kidato cha ngapi. Cha tatu, nikajibu. Mjinga mimi! Amekubali hata hivyo.

Alhamisi, 4 Desemba

Tumempeleka Nakuru kwa lori la viazi. Baba alilainika aliposikia neno "bure". Daktari alimlaza kwa dawa, akatoboa kila jicho kidogo sana, akaingiza kisindano kinachotetemeka, akaiponda lenzi iliyoganda na kuifyonza. Lenzi bandia ya ukubwa wa punda haikupatikana. Alisema Sabina ataona mbali, ila vya karibu vitakuwa ukungu.

Jumapili, 14 Desemba

Anaona! Lakini si mimi. Ananigonga kama mlango. Kutwa ametazama ng'ambo ya shamba la ngano, masikio wima, hali chochote. Nimeangalia. Hakuna kitu. Kibii wa jirani akacheka: "Msomi, punda wako anangoja mgeni?" Nikamwambia hiyo ni sayansi. Akatazama tena. Alirudi kwao kwa njia ndefu.

Jumanne, 16 Desemba

Leo anatazama katikati ya shamba. Kichwa kinageuka polepole, kama anayemfuata mtu kwa macho. Hakuna upepo, lakini ngano inalala chini. Hataki kubeba chochote. Baba amemwita mnunuzi, anakuja Alhamisi. Mpango mpya: nimemfunika macho kwa gunia. Alitetemeka mpaka kwato zikagonga mawe. Nimelitoa.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimeshinda! Sabina ametulia, hatazami popote tena. Amebeba viazi hadi barabarani bila kuanguka. Alitembea ukingoni mwa njia, akiacha nafasi ya mtu kati yetu. Adabu hiyo! Mnunuzi amerudi mikono mitupu. Ngano imelala mstari mmoja, kutoka ng'ambo hadi kwenye zizi la Sabina. Panya, nadhani.

Ila mbwa wetu amejificha chini ya ghala tangu asubuhi, anabwekea mahali patupu kando ya Sabina. Nimemvuta, akaniuma. Maskini, naye macho yamemharibikia! Kesho nampigia daktari.